Sura ya Tano: Jua Lililo Upande wa Ziwa
Kupiga picha ndege na maisha ya kila siku mjini Pickering

Swali linaloulizwa mara kwa mara na watu walionunua kamera, au waliotambua kwamba simu zao zina kamera nzuri, ni kama inawezekana kupata picha za maana bila kusafiri kwenda mahali penye sifa. Kwa msomaji aliyekulia Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu picha za ndege alizozoea kuziona katika kalenda za ukutani na vipeperushi vya utalii ni za heroe wa Ziwa Nakuru, za korongo wenye taji wa Uganda na za mbuni wa Serengeti, kiasi kwamba anapojikuta akiishi katika mji wa Kanada wenye barabara kuu, maduka makubwa na nyumba zinazofanana, huona kuwa yote yanayostahili kupigwa picha ameyaacha nyumbani.

Hoja ya sura hii ni kwamba picha nzuri za mahali pa kawaida hutokana na kupajua mahali hapo kwa undani, yaani kujua jua linatokea upande gani katika kila mwezi, ndege gani hufika lini na kwa sababu gani, na watu hufanya nini katika saa ipi. Maarifa haya hayanunuliwi pamoja na kamera, na mkazi wa mji anaweza kuyapata kwa urahisi kuliko mgeni anayepita, kwa kuwa mkazi ana nafasi ya kurudi. Mji wa Pickering, ambao Waafrika Mashariki wa Toronto wengi huupita tu wakiwa ndani ya gari au treni, unatumiwa hapa kuwa mfano.

Mji ulioegemea maji

Pickering uko katika jimbo la Ontario, mashariki tu ya Toronto, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi wake kuwa 99,186. Kusini mwake kuna Ziwa Ontario, moja kati ya maziwa makuu matano ya Amerika Kaskazini, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 19,000, ambalo ni chini ya theluthi moja ya Ziwa Victoria. Maji yake hayana chumvi, wala hayajai na kupwa kwa namna inayoonekana kwa macho, lakini upeo wake ni mpana kiasi kwamba kwa kawaida mtu aliyesimama ufukweni haoni ng'ambo, na upepo ukivuma kutoka kusini au mashariki huleta mawimbi yanayopiga gati kwa nguvu. Kwa mahitaji ya mpiga picha, huu ni mji wa pwani.

Moyo wa pwani hiyo ni Frenchman's Bay, ghuba ndogo yenye kina kifupi, iliyotengwa na ziwa kwa ulimi wa mchanga wenye mlango mmoja wa kupitisha mashua. Upande wa mashariki wa ghuba, mwisho wa barabara ya Liverpool, kuna maduka madogo, maegesho ya mashua na uwanja wa wazi wa Millennium Square. Upande wa magharibi kuna bustani ya umma iliyotulia zaidi. Mashariki ya Liverpool kuna kinamasi kiitwacho Hydro Marsh, yaani eneo la maji mafupi lililojaa matete, na baada yake kituo cha kuzalisha umeme wa nyuklia ambacho kinu chake cha kwanza kilianza kazi mwaka 1971. Magharibi kuna mdomo wa kijito cha Petticoat na kisha mto Rouge ulio mpakani na Toronto. Njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, iitwayo Waterfront Trail, huunganisha sehemu hizi karibu zote, hivyo mtu asiye na gari anaweza kuzifikia.

Kwa nini picha nyingi za ziwani hutoka zikiwa na giza

Tatizo la kwanza ambalo wapiga picha wapya wa Pickering hukutana nalo linatokana na ramani. Ufuko wa Mombasa au wa Dar es Salaam hutazama mashariki, kwa hiyo mtu aliyekulia huko amezoea jua linalochomoza baharini asubuhi na kuhamia nyuma ya mgongo wake alasiri. Pickering iko kaskazini ya ziwa, nalo jua katika sehemu hiyo ya dunia hupitia anga la kusini mwaka mzima, maana yake ni kwamba mtu anayesimama ufukweni akitazama maji huwa analitazama jua kwa sehemu kubwa ya siku. Bata aliye mbele yake huwa na mwanga mgongoni na kivuli usoni, kamera hujitahidi kupunguza ukali wa maji yanayometameta, na matokeo yake ni ndege mweusi asiyetambulika juu ya maji meupe. Wengi hulaumu kamera na kufikiria kununua nyingine ya bei kubwa, ilhali kilichohitajika ni kubadili mahali pa kusimama.

Ghuba ya Frenchman's Bay ndiyo inayotoa suluhisho, kwa sababu imeingia ndani ya nchi kavu na ina kingo pande zote, hivyo mpiga picha anaweza kuchagua ukingo kulingana na saa:

- Asubuhi asimame upande wa mashariki wa ghuba, akitazama magharibi, ili jua liwe nyuma yake.
- Alasiri ahamie upande wa magharibi, akitazama mashariki.
- Mchana, hasa katika miezi ya baridi, asimame kwenye ulimi wa mchanga, alipe ziwa mgongo na kutazama kaskazini, ndani ya ghuba.

Jambo la pili ni urefu wa siku, ambao humsumbua mtu aliyelelewa karibu na ikweta, mahali ambapo saa kumi na mbili za asubuhi na saa kumi na mbili za jioni ni mipaka ya kutegemewa. Kwa hesabu ya saa za Kiswahili, mwishoni mwa Juni jua la Pickering huchomoza karibu saa 11:35 alfajiri na kuzama karibu saa 3 usiku. Mwishoni mwa Desemba huchomoza karibu saa 2 kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa 10:40 jioni. Mahali pa kuchomozea pia huhama: katika Juni jua hutokea kaskazini-mashariki, juu ya nchi kavu, na katika Desemba hutokea kusini-mashariki, juu ya maji. Anayetaka picha ya jua likitoka ziwani hana budi kuifuata wakati wa baridi, na hili lina nafuu yake, kwa kuwa halimlazimu kuamka usiku wa manane.

Msimu huo wa baridi, unaoogopwa na wengi, una zawadi nyingine isiyosemwa sana. Wapiga picha wa Pwani ya Afrika Mashariki hujifunza mapema kuikwepa saa sita mchana, kwa sababu jua likiwa karibu na utosi huangusha vivuli vizito chini ya macho na kufifisha rangi. Mjini Pickering katika Desemba, jua la mchana hupanda kiasi cha nyuzi 23 tu juu ya upeo, na hivyo mwanga wake unabaki wa kulala, laini na wenye rangi ya dhahabu tangu asubuhi hadi jioni. Mtu anayefanya kazi za zamu, ambaye hupata nafasi mchana tu, anaweza kupiga picha saa saba na kupata mwanga ambao katika Julai angeupata kwa muda mfupi mwanzoni na mwishoni mwa siku.

Mwanga wa mbele nao si adui wakati wote. Wavuvi waliosimama kwenye gati, watoto wanaorusha mawe majini, na mnandi wanaokausha mabawa yao juu ya nguzo huwa na umbo linalojieleza hata wakiwa weusi kabisa. Mnandi huyanyoosha mabawa yake namna hiyo kwa sababu manyoya yake, tofauti na ya bata, hulowa maji na kumsaidia kuzama anapofukuzia samaki. Hawa ni wengi sana katika eneo hili, kwani bustani ya Tommy Thompson iliyoko Toronto, magharibi ya Pickering, ndiyo yenye kundi kubwa kuliko yote la kuzaliana la aina hiyo ya mnandi katika Amerika Kaskazini. Mpiga picha akitaka taswira nyeusi ya namna hii, apime mwanga wa anga badala ya mwanga wa ndege, na ahakikishe kwamba maumbo hayagusani, maana watu wawili waliosimama wakipishana hugeuka kuwa doa moja.

Kwa ufupi: ziwa liko kusini, jua pia liko kusini, na kila uamuzi wa mahali pa kusimama Pickering unaanzia hapo.

Kalenda ya ndege

Ndege wengi wa Pickering ni wahamiaji, yaani husafiri kati ya mahali pa kuzalia na mahali pa kukimbilia baridi, kwa hiyo anayeijua kalenda yao hutoka nyumbani akijua anachokwenda kutafuta. Mwaka wao huanza mwezi Machi, barafu ya ghuba inapopasuka. Wa kwanza kusikika ni ndege mweusi mwenye bega jekundu, dume ambaye hukaa juu ya tete moja refu, hutandaza mabawa ili wekundu uonekane, na kuimba bila kuchoka akitangaza mipaka ya eneo lake. Ni mfano mzuri kwa anayejifunza, kwa sababu hurudia tendo lilelile juu ya tete lilelile, na mpiga picha mwenye subira anaweza kujipanga kabla ya wimbo ufuatao. Ifikapo Juni ndege huyu huwashambulia kwa kuwarukia kichwani watu wanaopita karibu na kiota chake, na wakati huo adabu ni kupisha njia.

Machi na Aprili ni pia miezi ya kujifunza kuwatofautisha batamaji, ndege wakubwa weupe wa jamii ya bata wenye shingo ndefu. Mwenye mdomo wa rangi ya machungwa na nundu nyeusi juu yake ni mgeni, kwani wazazi wake waliletwa kutoka Ulaya kupamba mabwawa. Mwenye mdomo mweusi wote na sauti kama ya tarumbeta ni mzaliwa wa Amerika Kaskazini, na historia yake inastahili kujulikana na kila anayempiga picha. Aliwindwa kwa ajili ya nyama, manyoya na ngozi hadi wa mwisho aliyejulikana Ontario akauawa mwaka 1886, na jimbo likakaa karibu karne nzima bila yeye. Mwaka 1982 mwanabiolojia Harry Lumsden alianza mradi wa kumrudisha kwa kutumia mayai na vifaranga kutoka magharibi ya bara, akisaidiwa na watu wa kujitolea waliolea ndege hao katika mashamba na mabwawa yao, na leo wapo tena katika mwambao wote wa ziwa. Wengi wameonekana wakiwa na kibandiko cha njano bawani chenye namba. Wako wapiga picha wanaokifuta kibandiko hicho kwa programu za kompyuta ili ndege aonekane wa porini zaidi. Ni heri kibaki, kwa kuwa namba ile ndiyo ushahidi wa kazi iliyomrudisha, na ikionekana vizuri katika picha huweza kuwaambia watafiti ndege yupi yuko wapi.

Mei ndiyo mwezi wenye shughuli nyingi kuliko yote. Ndege wadogo wala wadudu, wengi wao wenye manyoya ya njano, huvuka ziwa usiku wakitoka Marekani na maeneo ya kusini zaidi, na asubuhi hutua katika vichaka vya kwanza wanavyovikuta upande wa kaskazini wakiwa wamechoka na wana njaa. Siku inayofuata usiku wa upepo wa kusini uliokatishwa na mvua, vichaka vya Petticoat na vya mdomo wa Rouge vinaweza kujaa ndege ambao siku iliyotangulia hawakuwapo hata mmoja. Ndege aliyechoka huvumilia watu wamkaribie, lakini uvumilivu huo una gharama, kwa sababu kila anaporuka kuwakwepa hupoteza nguvu alizokuja kuzitafuta; kwa hiyo mpiga picha hufanya vyema kuchagua kichaka kimoja, kusimama bila kutikisika, na kumwacha ndege aamue umbali.

Katika miezi ya joto msomaji wa Pwani atapata mshangao wa kukutana na nyuso anazozifahamu. Yangeyange mkubwa mweupe anayenyemelea samaki katika Hydro Marsh ni wa spishi ileile inayoonekana katika mabwawa ya Afrika Mashariki, neno spishi likiwa na maana ya aina moja ya kiumbe ambao huweza kuzaana wenyewe kwa wenyewe. Ndivyo alivyo pia korongo wa usiku mwenye utosi mweusi, na buabua mkubwa mwenye mdomo mwekundu mnene, ambaye huonekana katika midomo ya mito ya Pwani ya Kenya. Hata mbayuwayu anayejenga kiota cha udongo chini ya mapaa ya vibanda vya mashua ni spishi ileile inayojaa kwenye nyaya za umeme za Kenya na Tanzania kati ya Oktoba na Aprili, isipokuwa wale wa Afrika Mashariki hutoka Ulaya na Asia, ilhali wa Pickering hukimbilia Amerika ya Kati na ya Kusini.

Katikati ya Septemba mwewe na vipanga hupita kwa makundi makubwa. Ndege hawa huokoa nguvu kwa kupanda juu ya hewa moto inayoinuka kutoka ardhini, na kwa kuwa hewa hiyo haiinuki vizuri juu ya maji baridi, hukataa kuvuka ziwa na badala yake huufuata ufuko kuelekea magharibi. Ndiyo maana kinamasi cha Cranberry Marsh huko Whitby, mashariki ya Pickering, kimekuwa kituo cha kuwahesabia. Picha zao ni ngumu kwa sababu huruka juu mno, na mwenye simu tu afurahie kuwatazama kwa darubini.

Baridi ikiingia, bata kutoka Aktiki, yaani eneo la barafu lililo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, hushuka hadi ziwani, akiwamo bata wa mkia mrefu ambaye sauti yake husikika kutoka mbali hata kabla hajaonekana. Ghuba ikiganda, ndege hujikusanya mahali maji yaliposalia wazi, na maji ya uvuguvugu yanayotoka kituo cha umeme yamekuwa moja ya mahali hapo. Miaka mingine bundi mweupe wa Aktiki hufika pia. Kwake yeye inafaa kuwa mkali: anayemfuata bundi huyu kwa miguu hadi aruke, au anayemtupia panya hai ili apate picha ya shambulio, anamdhuru ndege ambaye amesafiri maelfu ya kilomita kutafuta chakula, na picha iliyopatikana hivyo haifai kuonyeshwa popote. Ulinzi wa ndege wahamiaji nchini Kanada ni wa zamani, kwani mkataba wa kuwalinda ulitiwa saini mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na sheria ya Kanada ya kuutekeleza ikapitishwa mwaka 1917. Lakini mengi yanayomsumbua ndege hayafiki mahakamani, hivyo heshima ya mpiga picha ndiyo kinga ya kwanza.

Mambo machache ya kamera

Kamera yoyote hutawala mwanga kwa njia tatu. Ya kwanza ni kasi ya shata, yaani muda ambao mlango wa ndani wa kamera hubaki wazi. Ya pili ni ukubwa wa tundu la lenzi. Ya tatu ni ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga, ambacho kikipandishwa sana hutia picha chembechembe. Kwa ndege anayeruka, shata iwe sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au kasi zaidi, na kwa wadogo wanaopigapiga mabawa haraka iwe sehemu moja ya 2,000. Kwa korongo aliyesimama akivizia samaki, sehemu moja ya 250 inatosha, na ISO inaweza kushushwa.

Rangi nyeupe inahitaji uangalizi wa peke yake, na Pickering ina nyeupe nyingi. Kamera imetengenezwa ikichukulia kwamba kila mandhari ina wastani wa kijivu, kwa hiyo ikielekezwa kwenye theluji huipunguzia mwanga hadi theluji ionekane kama majivu; dawa yake ni kutumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, na kuongeza hatua moja au moja na nusu. Kwa yangeyange mweupe mbele ya matete yenye giza kosa hugeuka: kamera huona giza nyingi, huongeza mwanga, na manyoya hupoteza mistari yake yote, na hapo hupunguzwa hatua moja. Simu nyingi hufanya hivyo kwa kugusa kioo na kuvuta kidole juu au chini.

Kuhusu lenzi, ndege huhitaji lenzi ndefu ya milimita 300 au zaidi, na zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu. Simu haiwezi kufanya kazi hiyo, lakini inafaa kabisa kwa picha ambayo ndege ni sehemu ndogo ya mahali: shakwe juu ya paa la duka la samaki na chipsi, au bata bukini wakivuka barabara na vifaranga wao huku magari yamesimama. Picha za namna hii hudharauliwa bila sababu, ingawa ndizo zinazoeleza jinsi ndege na watu wanavyoishi pamoja katika mji.

Baridi kali hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo ya akiba iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kamera inayorudishwa nyumbani ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na iachwe humo hadi ipate joto la chumba, ili umande utue juu ya plastiki badala ya kuingia ndani ya lenzi.

Maisha ya kila siku yanayopita bila kuonekana

Upande wa pili wa kazi hii ni watu na majengo, na hapa hoja ya sura hupata ushahidi wake ulio wazi zaidi. Mwaka 2001 kinu kikubwa cha upepo chenye urefu wa mita 117 hadi ncha ya bawa kilisimamishwa kando ya kituo cha nyuklia, na kwa miaka kumi na minane kilionekana nyuma ya picha nyingi zilizopigwa katika ufuko huo, ziwe za harusi, za mvuvi au za mtoto na baiskeli yake. Mwaka 2019 kilibomolewa. Wengi waliokuwa wakikikwepa ili picha iwe safi sasa hawana kumbukumbu yake, na waliokiacha kionekane wana hati ya historia. Kituo chenyewe cha nyuklia kimo katika mabadiliko, kwani vinu vyake viwili vya zamani vilizimwa mwaka 2024, na sura ya mwambao itaendelea kubadilika.

Afrika Mashariki ina mfano ulio bora zaidi wa thamani hii. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art mjini Zanzibar, na kwa miongo kadhaa yeye na baadaye mwanawe Rohit walipiga picha za mitaa ya Mji Mkongwe, majahazi bandarini, sherehe na nyuso za watu wa kawaida. Wakati zinapigwa, picha hizo zilikuwa kazi ya kila siku ya studio. Leo mtu anayetaka kujua Zanzibar ya kabla ya mwaka 1964 ilionekanaje hana njia ya kuzikwepa.

Pickering nayo ina mambo yake ya kila siku yanayongoja jicho. Daraja la waenda kwa miguu lililofunikwa, lenye urefu wa karibu mita 250, huvuka barabara kuu ya 401 kutoka stesheni ya treni za GO hadi eneo la maduka, na jioni za baridi hujaa wafanyakazi wanaorudi kutoka Toronto wakiwa wamevaa makoti mazito, mwanga wa magari ukipita chini yao kwa mistari miwili, mweupe na mwekundu. Mwezi Septemba na Oktoba samaki wakubwa aina ya salmoni, ambao asili yao ni Bahari ya Pasifiki na waliletwa ziwani na binadamu, hupanda kijito cha Duffins kwenda kutaga mayai, na familia husimama juu ya madaraja madogo kuwatazama wakiruka. Mpiga picha awageukie pia watazamaji, kwa maana uso wa mtoto anayemwona samaki wa namna hiyo kwa mara ya kwanza hautapatikana katika kitabu chochote cha samaki.

Hapo huzuka swali la ruhusa. Katika Ontario mtu aliye mahali pa umma kwa kawaida anaweza kupigwa picha bila kuombwa, lakini sheria hazifanani nchini kote: mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilithibitisha, kwa mujibu wa sheria za jimbo la Quebec, kwamba msichana aliyepigwa picha akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo, kisha picha ikachapishwa katika jarida la sanaa bila idhini yake, alistahili fidia ya dola 2,000. Sheria ni kiwango cha chini tu. Desturi ya Waswahili ya kusalimia kabla ya kuomba lolote inafaa kufuatwa hata pale ambapo hakuna anayeijua, na inafaa zaidi kwa watoto, kwa wanawake wanaojisitiri, na kwa wavuvi wazee ambao mara nyingi, wakishasalimiwa, hueleza wenyewe mahali korongo anaposimama kila asubuhi. Anayekataa aachwe bila kuulizwa sababu.

Baada ya kupiga

Picha isiyo na tarehe wala jina la mahali hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Simu huandika tarehe yenyewe, lakini maelezo hayo hupotea kwa urahisi picha inapotumwa kwa marafiki, hivyo ni vyema kuweka nakala halisi katika jalada lenye mwaka, mwezi na mahali, pamoja na sentensi moja inayoeleza kilichokuwa kikitokea. Picha za ndege zinaweza kupelekwa katika eBird, hifadhi ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ornitholojia ya Cornell, yaani taasisi ya elimu ya ndege, kwa kushirikiana na jumuiya ya Audubon. Hifadhi hiyo hupokea kumbukumbu kutoka nchi zote, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, na hutumiwa na watafiti wanaofuatilia ongezeko au upungufu wa ndege. Mchango wa watu wasio wataalamu una historia ndefu katika eneo hili, kwa sababu Toronto ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoshiriki hesabu ya kwanza ya ndege ya wakati wa Krismasi mwaka 1900, na hesabu hiyo hufanyika kila mwaka hadi leo.

Msomaji anayeishi Pickering, Ajax au Scarborough anaombwa achague ukingo mmoja wa Frenchman's Bay, aurudie katika kila mwezi wa mwaka mmoja, na aandike nyuma ya kila picha tarehe, saa na majina ya ndege na ya watu walioridhia kutajwa. Anayeishi Mombasa, Tanga au Bagamoyo afanye vivyo hivyo katika ufuko wake, akikumbuka tu kwamba huko jua la asubuhi hutoka baharini.